Vocha ya Dodoma na Kitabu cha Wageni cha Kate: Hoja ya Usimamizi Huru wa Gharama za Wabunge

Katika ofisi za vijiji vya Kate, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, mgeni wa kiserikali hutia saini kitabu cha wageni: tarehe, jina, atokako, madhumuni ya safari. Afisa ugani husaini, na mbunge naye akifika huwekewa kitabu mbele. Bungeni Dodoma nako kuna vocha za posho ya kujikimu na mafuta ya safari. Nyaraka hizi mbili zinahusu mwendo mmoja wa mtu mmoja, ila hakuna utaratibu wa wazi unaozikutanisha. Chombo huru cha kusimamia gharama za wabunge kitakuwa na faida kwetu iwapo tu kitazikutanisha, kwa kuwa shahidi wa kwanza wa ziara ya jimboni ni mwananchi aliyetembelewa, naye hajui kilicholipwa kwa ajili yake.

Kwa sasa mlipwaji na mwamuzi wa malipo wamekaa jirani mno. Ibara ya 73 ya Katiba inasema mbunge atalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na Tume inayosimamia utumishi wa Bunge huongozwa na Spika. Mwaka 2011 posho ya kikao ilipopandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, Spika Anne Makinda aliitetea kwa hoja ya ugumu wa maisha Dodoma, huku mabishano yakizunguka swali ambalo lisingepaswa hata kuulizwa: je, Rais ameidhinisha au hajaidhinisha? Miezi michache kabla, mbunge Zitto Kabwe alikuwa ameamua kuzikataa posho za vikao. Ni uamuzi wa kusifiwa, lakini hisani ya mbunge mmoja haijengi mfumo.

Atakayepinga atasema tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ya nini chombo kingine? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, CAG hukagua fedha zikiwa zimekwishatumika, na taarifa yake hupitia kwa Rais kabla ya kufika Bungeni, hivyo haikusudiwi kupitisha au kukataa dai la safari moja moja. Pili, na hili ni zito zaidi, ripoti yake hujadiliwa na walewale wanaoweza kuguswa nayo. Aprili 2, 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, kisa alikuwa amezungumzia udhaifu wa Bunge katika mahojiano. Mwaka huohuo akaondoka madarakani, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Ikiwa mkaguzi mwenye kinga ya Katiba aliyumbishwa hivyo, chombo kipya kisichokuwa na ngome kama hiyo kitadumu kwa muda gani?

Kwa swali hilo, Kenya inatupa somo lenye pande mbili. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na wabunge wamepambana nayo tangu 2013. Hata hivyo walipojilipa posho ya nyumba ya shilingi 250,000 za Kenya kwa mwezi, Mahakama Kuu, Desemba 2020, iliibatilisha na kuamuru fedha zirejeshwe. Uingereza, baada ya kashfa ya 2009 ya madai ya gharama za wabunge iliyomng'oa Spika Michael Martin, ilikwenda mbali zaidi: IPSA, mamlaka huru ya kusimamia gharama za wabunge iliyoanza kazi 2010, hushughulikia madai yenyewe na kuyachapisha. Kenya imeweka kikomo cha malipo. Uingereza imeongeza mwanga juu ya kila dai.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka hapahapa Rukwa. Jimbo la Kwela linateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Nkasi inafika Wampembe na Kala, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Masika, safari ya huko si sawa na kuzunguka Ilala. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana kiwango kimoja kwa wote ni dhuluma kwa mbunge wa Rukwa. Chombo huru kingempa zaidi, kwa kilomita na hali ya barabara. Hoja nyingine, kwamba posho huishia kwenye misiba na harusi za wapigakura, haina mashiko. Hayo ni matumizi ya siasa, yasiitwe mafuta.

Halmashauri tayari hutakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Orodha ya safari za mbunge zilizolipiwa, kijiji kwa kijiji, ibandikwe hapohapo kila robo mwaka. Tofauti kati ya orodha hiyo na kitabu cha wageni isihesabiwe kuwa ushahidi wa wizi, maana mtu anaweza kuhutubia sokoni asifike ofisini. Iwe sababu ya chombo hicho kumwandikia mbunge, naye ajibu kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa, na jibu lake libandikwe pembeni ya orodha.