Mfupa, Haragwe na Moyo: Elsa Peretti Alivyoipandisha Fedha Cheo

Mwaka 1967 vito vya buluu vilichimbuliwa Merelani, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka uliofuata duka la Tiffany & Co. la New York likavipa jina la tanzanaiti na kuvinadi duniani. Mwaka 1974 duka hilohilo likakitangaza kito cha kijani chenye asili ya Kenya na Tanzania, likakiita tsavoraiti kwa heshima ya Tsavo. Kwa hiyo Mwafrika Mashariki anayelijua jina la Tiffany analijua kwa mawe. Lakini mwaka huohuo wa 1974 duka hilo lilimpokea mwanamke wa Kiitalia aliyekuja na kitu tofauti kabisa: vipande vya fedha vilivyofinyangwa mithili ya mfupa, haragwe, chupa na moyo wenye uwazi katikati. Aliitwa Elsa Peretti, na kazi yake ilibadili namna watu wa Magharibi wanavyoipima thamani ya pambo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima kwanza tujue hadhi ya fedha ilivyokuwa. Tiffany, iliyoanzishwa mwaka 1837, ilijenga sifa yake kwa madini hayohayo. Mwaka 1851 ilianza kufuata kipimo cha Kiingereza cha sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, kipimo ambacho hadi leo sonara wetu hukitaja kwa kifupi, “fedha ya 925”. Hata hivyo, fedha hiyo ilikuwa ya mezani: masinia, mabirika, vijiko na uma. Shingoni na kidoleni palitakiwa dhahabu, platinamu na almasi. Kabla ya Peretti kuingia, Tiffany ilikuwa imekaa takriban miaka 25 bila kuuza mapambo ya fedha.

Pwani ya Afrika Mashariki isingeona ajabu kumpamba mwanamke kwa fedha. Katika karne ya 19 reale za Maria Theresa zilizunguka katika masoko ya Zanzibar na Oman, na wafua fedha wa nchi za Bahari ya Hindi walizoea kuyeyusha sarafu za namna hiyo na kuzifanya vikuku na mikufu. Lakini hata huku, pambo lilipimwa kwanza kwenye mizani. Bei ilikuwa uzito wa madini, kisha ikaongezwa ujira wa fundi. Umbo lilikuja nyuma ya ratili.

Wapo waliotangulia kuligeuza pambo kuwa sanamu ya kuvaliwa. Alexander Calder, mchongaji wa Marekani, aligonga waya kwa nyundo akatengeneza mapambo yapatayo 1,800, mengi akiwapa jamaa na marafiki. Art Smith, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Cuba kwa wazazi wa Jamaika, alifungua duka lake Greenwich Village mwaka 1946 na kuuza bangili na mikufu mikubwa ya shaba na fedha iliyozunguka mwili kama sehemu ya mwili wenyewe. Msweden Vivianna Torun Bülow-Hübe aliibunia kampuni ya Georg Jensen ya Denmark mapambo ya fedha yasiyo na urembo wa ziada. Hawa wote waliheshimiwa, ila hadhira yao ilikuwa ya wapenda sanaa. Peretti ndiye aliyeuingiza mtazamo huo katika duka kubwa la mtaa wa Fifth Avenue, na kuuweka mikononi mwa mamilioni.

Alizaliwa Florence tarehe 1 Mei 1940, binti wa Ferdinando Peretti, mwasisi wa kampuni ya mafuta ya API. Nyumba ilikuwa ya kitajiri na yenye kushika mila. Alipofika miaka 21 Elsa aliondoka, na baba akamkatia matumizi. Alifundisha Kiitalia na mchezo wa kuteleza kwenye theluji huko Uswisi, akasomea usanifu wa ndani ya nyumba Roma, akafanya kazi kwa msanifu majengo Milan. Mwaka 1964 alihamia Barcelona, akawa mwanamitindo na kuingia katika kundi la wasanii na waandishi waliokuwa wakitafuta pumzi chini ya Franco, dikteta wa Hispania. Huko ndiko alikokaa karibu na mchongaji Xavier Corberó, na huko ndiko alikoyatazama majengo ya msanifu Antoni Gaudí, hasa Casa Milà, ambalo kuta zake zinajikunja kama mawimbi na nguzo zake zinafanana na mifupa.

Mwaka 1968 akavuka bahari kwenda New York kutafuta maisha kwa uanamitindo. Mwaka 1969 alitengeneza pambo lake la kwanza: chombo kidogo cha fedha cha kuwekea ua moja, kirefu kama kidole, kilichoning’inizwa kwenye ugwe wa ngozi. Wazo lilitokana na chombo cha maua alichokiokota kwenye soko la vitu vikuukuu. Mbunifu wa mavazi Giorgio di Sant’Angelo alikipandisha jukwaani, mwanamitindo amekivaa shingoni na ua limo ndani. Muda si mrefu Halston, mbunifu aliyetawala mitindo ya Marekani wakati huo, naye akaanza kuyatumia mapambo ya Peretti. Nguo za Halston zilikuwa nyepesi, zisizo na nakshi, na zilihitaji kitu kimoja tu cha kuzikamilisha. Mwaka 1971 Peretti alipata tuzo ya Coty, iliyokuwa na heshima kubwa katika mitindo ya nchi hiyo.

Kazi inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni Bangili ya Mfupa, aliyoianza mwaka 1970.

Chanzo chake ni utotoni. Roma kuna kanisa la watawa Wakapuchini, Santa Maria della Concezione, ambalo vyumba vyake vya chini vimepambwa kwa mifupa ya maelfu ya watawa waliofariki. Elsa alipelekwa huko na yaya wake, na mara nyingine alirudi nyumbani na kipande cha mfupa kwenye mkoba. Mama yake alimrudisha kila mara akakiweke kilipotoka. Mkono wake haukulisahau umbo lile.

Bangili hiyo si duara. Inaanza pana sehemu ya juu ya mkono, inajibana inapofika kwenye kifundo, kisha inavimba upande mmoja kwa kinundu laini kinachokaa juu ya mfupa ule unaochomoza upande wa kidole kidogo. Uso wake hauna nakshi wala jiwe, una mwanga unaoteleza tu. Na kwa kuwa mkono wa kulia na wa kushoto haifanani, bangili nayo hutengenezwa kwa namna mbili: ya kulia haikai vizuri kushoto. Sonara aliyezoea kupima duara la mkono kwa kamba ataelewa mara moja ugumu wa kazi hii. Hapa umbo la mwili limekuwa ndilo kalibu.

Walter Hoving, mwenyekiti wa Tiffany, alipoziona kazi zake mwaka 1974 hakukawia kumpa mkataba. Ndipo vikafuata vitu vilivyompa jina. Moyo Wazi ni kidani chenye umbo la moyo lililoinama upande, ambalo mkufu wake hupita katikati ya uwazi. Peretti alisema alilipata wazo hilo kwa kuyatazama matundu katika sanamu za Henry Moore, mchongaji wa Uingereza aliyeufanya uwazi kuwa sehemu ya jiwe. Haragwe lilikuwa mbegu, chanzo cha uhai, nalo lilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia hereni hadi mkoba mdogo wa kushika mkononi. Halafu kuna mkufu wa Almasi kwa Yadi: mnyororo mwembamba wenye almasi ndogondogo zilizofunikwa kingo kwa dhahabu na kuachanishwa kwa nafasi, mteja akichagua urefu autakao kama anavyokatiwa kitambaa dukani.

Mkufu huo ulivunja mwiko. Almasi ilikuwa kitu cha usiku wa karamu, kitu ambacho mwanamume humnunulia mwanamke. Peretti alitaka pambo ambalo mfanyakazi wa ofisini angeweza kulinunua kwa mshahara wake, akalivaa asubuhi juu ya fulana na asilivue jioni. Fedha ilimwezesha kufanya hivyo kwa bei ya chini zaidi. Wanawake waliokuwa wakiingia kwa wingi katika ajira za miaka ya 1970 walilipokea wazo hilo kwa mikono miwili.

Peretti hakujifanya anafua kila kitu peke yake. Alirudi tena na tena kwa mafundi wa Barcelona, akawaletea maumbo ya kuyageuza kuwa fedha, akayakataa na kuyarudisha mpaka kingo zote zilipolainika kama kokoto ya mtoni. Alitafuta mafundi wa laka Japani, na wapuliza kioo wa Italia. Mwaka 1975 alitoa kazi za nyavu za dhahabu, laini mithili ya hariri, zikiwemo skafu na hata sidiria. Nge alimgeuza kuwa mkufu wa viungo vinavyopinda shingoni. Mafundi wote hao waliendelea kupata kazi yenye jina, katika zama ambazo viwanda vilikuwa vikifunga karakana nyingi za mikono.

Jambo jingine alilojifunza lilimgharimu. Halston alipotoa manukato yake katikati ya miaka ya 1970, Peretti ndiye aliyemchorea chupa, tone la maji lenye shingo iliyopinda. Inasimuliwa kwamba alipewa achague kati ya dola 25,000 na koti la manyoya, naye akachagua koti. Manukato hayo yakauzwa kwa wingi mno. Mwaka 1978, wakiwa katika ugomvi, alilitupa koti lile motoni mbele ya Halston.

Kwa Tiffany mambo yalikuwa mengine. Haki za maumbo na jina vilibaki kuwa mali yake, na kampuni ikawa na leseni ya kuyatengeneza na kuyauza. Kati ya mwaka 2009 na 2011 kazi zake zilichangia takriban asilimia 10 ya mauzo ya kampuni. Mwaka 2012 pande mbili zilitia saini mkataba mpya wa miaka 20, na Tiffany ikamlipa dola milioni 47.3 kwa mkupuo. Mwaka 2000 alikuwa ameanzisha wakfu kwa jina la baba yake, ambao unasaidia shughuli za haki za binadamu, afya, utamaduni na mazingira. Pesa nyingine aliziweka Sant Martí Vell, kijiji cha Catalonia kilichokuwa karibu kuhamwa, alikonunua nyumba mwaka 1968 na kuendelea kukarabati majengo kwa miongo kadhaa. Alifariki huko tarehe 18 Machi 2021, akiwa na miaka 80. Kazi zake ziko katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London, na katika majumba ya Boston na Houston.

Historia hii inawahusu moja kwa moja wabunifu wa Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Arusha ambao leo wanatengeneza mapambo ya shaba, pembe za ng’ombe na fedha kwa maumbo yao wenyewe. Nchi zetu zinajulikana kwa kuuza mawe, na bei ya jiwe hupangwa mbali. Bei ya umbo hupangwa na aliyelibuni, mradi amelimiliki. Kenya ina taasisi ya KIPI inayosajili maumbo ya bidhaa, na Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA. Mbunifu mwenye kazi mpya mezani na afike huko kabla ya kuipeleka sokoni, na aweke jina lake juu ya kila kipande.