Nyika ya Handeni Haikuzaliwa Tupu

Ukiisoma Habari za Wakilindi, kile kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ni rahisi kuvutwa na ufalme ukawasahau nguruwe. Mbega anatoka Nguu, anapita Kilindi, anapanda milima ya Usambara, na mwishowe anakuwa mkubwa wa Vugha. Lakini anapokelewa kwa nini? Kwa sababu ni mwindaji. Nguruwe wanamaliza mashamba ya watu, yeye anawaua na nyama anaigawa. Ukiacha mbwembwe za kifalme, hiki ni kisa cha watu wanaopigania mashamba yao na pori, na wanaomshukuru yeyote anayewasaidia kulisukuma nyuma.

Nawataja nguruwe kwa makusudi. Tukiulizwa leo kwa nini Lushoto watu wamebanana na Handeni wametawanyika, jibu letu huwa fupi: mvua. Mlimani inanyesha, nyikani hainyeshi, basi. Na takwimu zinaonekana kukubali. Sensa ya 2012 iliikuta Wilaya ya Lushoto ina watu 492,441. Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni na yenye eneo kubwa kuliko Lushoto, ilikuwa na watu 236,833, hawafiki hata nusu. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeanza kazi enzi za Mjerumani na kuendelea chini ya Mwingereza, alichapisha mwaka 1936 ramani ya watu wa Tanganyika nzima, na hoja yake kubwa ilikuwa maji: palipo na maji ya kudumu pana watu, pasipo nayo pana pori. Milima, mwambao na kandokando ya maziwa kumejaa, katikati kweupe.

Sibishani na mvua. Ninachobishia ni ule weupe wa kwenye ramani, kwa sababu unamfanya msomaji aamini kwamba pori lilikuwepo tangu siku ya kwanza na watu hawakuwahi kulitaka.

Tuanze na mlima wenyewe. Wasambaa wa zamani hawakuukimbilia mlima wakaipa nyika kisogo. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza jinsi vijiji vingi vilivyowekwa juu ya kingo za milima, mahali ambapo mtu ana migomba yake kwenye baridi na bado anaweza kuteremka kulima huku chini. Mvua za mlimani zikikosea, za chini huenda zikaokoa, na kinyume chake. Kulala bondeni walikuogopa kwa ajili ya homa, lakini nyika ilikuwa sehemu ya maisha yao. Hata madaraka yalishuka. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja hakung'ang'ania Vugha, alijenga Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara. Bunduki na nguo zilipita huko, na watu wakazifuata. Mvua ilibaki juu kama kawaida yake.

Sasa vuka Mto Pangani uingie Uzigua. Soma vibao vya barabarani: Kwamsisi, Kwamkono, Kwamatuku, Kwaluguru, Kwediboma. Karibu kila jina ni "kwa" fulani au "penye" kitu fulani. Kwangu mimi majina haya yanasema jambo ambalo ramani ya mvua haiwezi kulisema: katika nchi hii watu walikusanyika kwa mtu au penye ngome. Nyika yenye mvua ya kubahatisha unaishi kwa akiba, na akiba ilikuwa na mwenyewe. Zumbe aliyekuwa na ghala, ng'ombe na marafiki wa pwani aliweza kuwalisha watu wake mwaka mbaya, nao mwaka mzuri wakamlimia na kufyeka pori. James Giblin, aliyeandika historia ya eneo hili hasa, ameujenga utafiti wake juu ya uhusiano huo. Haukuwa uhusiano wa huruma tupu, kulikuwa na utumwa ndani yake. Ila uliwashikilia watu mahali.

Uliposhindwa, watu waliondoka kwa namna ya kutisha. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walifika pwani wakaishia kupakiwa majahazini kuelekea Somalia, wakauzwa. Baadhi yao walitoroka wakajikita kando ya Mto Juba, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Vitukuu vyao bado wanazungumza Kizigua.

Kisha likaja pigo la miaka ya 1890. Sotoka iliwafagia ng'ombe, nzige na ukame vikafuata, na njaa ikapiga mara mbili kabla karne haijaisha. Katikati ya hayo, mwaka 1898, serikali ya Kijerumani ikaanzisha kodi ya nyumba. Mkulima akalazimika kuuza nafaka ambayo zamani ingelala ghalani, na zumbe akapoteza nguvu ya kusaidia yeyote. Mwaka 1916 majeshi ya Smuts yakashuka na bonde la Pangani, na mwezi Juni yakaingia Korogwe na Handeni. Jeshi linakula, na linachukua wapagazi.

Hapa ndipo nguruwe wetu wanaporudi. Shamba likiachwa, kichaka kinaota. Kichaka kikiota, nguruwe na pongo wanahamia, na ndorobo anawafuata kwa ajili ya damu yao. Ndorobo akishakaa, ng'ombe hawakai, na bila ng'ombe mkulima amepoteza akiba yake ya mwisho, anahama, na kichaka kinaongezeka. Tena ndama wanaozoea kupe tangu wadogo huijengea miili yao kinga dhidi ya ndigana; mifugo ikikatika, na kinga hiyo inakatika. Kwa hiyo afisa wa Kiingereza aliyefika Handeni akaandika "pori, mbung'o, watu wachache", aliona kweli, ila alikuwa anatazama makovu akidhani ni ngozi.

Na hao watu walikwenda wapi? Baadhi upande wa pili wa mto. Korogwe ndiko mambo yalikogeuzwa kwa chuma. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilipita Korogwe ikafika Mombo mwaka 1905, na mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka uleule wa 1893, ukapandwa kuifuata. Mkonge hauogopi ukame, na ndiyo maana bonde ambalo mkulima wa mahindi alilionea shaka lilijaa nyumba za manamba: Ngombezi, Magoma, Mnyuzi. Wakaletwa Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde. Wengi hawakurudi kwao, na wajukuu wao leo ni watu wa Korogwe. Bonde lilelile, mvua ileile, watu tele.

Baadaye dola yenyewe ikashika usukani. Vijiji vya ujamaa, na amri ya 1973 kwamba kila mtu aishi kijijini, viliwasogeza watu kwenye barabara na shule. Miaka ya 1970 likajengwa bomba kuu la kuyavuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni, yaani mto ukapelekwa kwa watu badala ya watu kuufuata mto. Siku hizi barabara ya Chalinze hadi Segera inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na zumbe: Mkata, Kabuku na Michungwani zinakua kwa machungwa, mabasi na wasafiri wenye njaa.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya wasomaji wa vitabu tu, kama ule weupe wa kwenye ramani usingeendelea kutumika. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, wale Wazigua wa Juba walikimbia, na baadhi yao wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu, halafu Chogo, ambako waligawiwa mashamba na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Walirudi na lugha ya mababu katika nchi iliyokuwa na nafasi kwa sababu, pamoja na mengine, mababu hao waliondolewa.

Tangu Juni 2022 ni zamu ya Msomera. Familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zinahamishiwa huko, kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, safari ya mamia ya kilomita. Msomera ilichaguliwa kama eneo lenye nafasi. Walikuwepo wafugaji na wakulima waliokwisha kulala, kulima na kuzika hapo, na migogoro ya mipaka haikuchelewa. Wageni wamekuja na ng'ombe. Watakuta nyasi, kupe, na mahali pengine vichaka, na wenyeji wanaofahamu ni kichaka kipi kilikuwa shamba la nani.