Njia Iliyo Chini ya Mlima

Mtu atakaye kuijua historia ya Usambara huitazama kwanza Vugha, mji wa wafalme wa Kikilindi, wala hakosei. Lakini mambo mengi yaliyoigeuza nchi hiyo hayakutoka mlimani. Yalitoka chini, katika njia iendayo baina ya mlima na mto Pangani.

Zamani za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, mali ilikuwa ikipanda. Mifugo, vyakula na nguo za kodi vilipelekwa Vugha, naye mfalme akawagawia watu wake. Raia walimjua kuwa ndiye mwenye mvua, na hakimu wa magomvi yao. Katika utaratibu huo, akaaye juu ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa kila kitu humwendea yeye.

Misafara ndiyo iliyouvunja utaratibu huo. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara kwa njia ya bondeni mpaka Pangani, na bunduki, baruti na nguo zikapanda kwa njia hiyo hiyo. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya mlima, mahali ambapo misafara haikuwa na budi kupita. Baba yake alipokufa, enzi ilimwangukia Shekulwavu, mjukuu wa mfalme. Semboja akamtoa kwa nguvu ya bunduki zake. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: alipoushinda mji wa Vugha hakuhamia huko. Alimweka mwanawe katika kiti, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Heshima aliiacha juu. Nguvu akazishika chini. Malipo yake waliyatoa raia, kwani katika vita hivyo Washambaa wengi walitekwa, wakauzwa, wakashuka pwani kama bidhaa kwa njia ile ile.

Wadachi walipoitawala nchi hawakuibadili njia, bali waliitandikia chuma. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikupanda Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal. Mlima ulitakiwa uiteremkie reli. Mierezi ya msitu wa Shume ilishushwa Mkumbara kwa kamba za chuma zilizoning'inizwa hewani. Watu nao walishushwa. Tangu mwaka 1907 mwanamume wa Usambara alipewa kadi ya kumlazimisha kumfanyia Mzungu kazi ya mshahara siku 30 katika kila miezi minne. Basi nguvu za watu zikahesabiwa pamoja na mbao.

Siku hizi ni malori yanayoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, yamejaa kabichi, karoti, nyanya na viazi, kisha yakashika barabara kuu ya Dar es Salaam. Kazi hii ni ya halali, na imewasomesha watoto wengi. Hata hivyo swali la Mazinde lingalipo: ni nani apangaye bei, alimaye au ashikaye njia? Tena mkulima wa leo ana udhaifu ambao wenye pembe hawakuwa nao. Pembe ya ndovu huweza kungoja mwaka mzima mpaka bei ipendeze. Nyanya haingoji hata juma moja. Mwenye lori aijua hesabu hiyo, na mkulima huuza kwa hofu ya kuoza.

Kwa hiyo wakosea wadhanio kwamba barabara peke yake ni maendeleo. Njia humtajirisha yule awezaye kungoja kando yake. Semboja aliweza kungoja, maana alikuwa na ghala na bunduki. Mkulima wa Usambara hahitaji bunduki. Ahitaji ghala la ubaridi, chama cha ushirika kilicho amini, na habari za bei ya sokoni kabla hajavuna. Asipokuwa na hayo, barabara itengenezwapo vizuri zaidi, jasho lake litateremka upesi zaidi tu.