Herufi B Kando ya Ziwa

Juma hili, ndugu msomaji, nakuomba tuzungumzie herufi moja tu ya alfabeti: herufi B. Ni kitu kidogo, lakini kando ya Ziwa Victoria herufi hiyo imetenganisha ufalme na nchi.

Tuanzie Busisi, wilayani Sengerema, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Tangu Juni 2025 watu wanafika huko kwa daraja kutoka Kigongo. Sisi tuliozoea kivuko tulikuwa na muda mwingi wa kungoja na kusoma vibao vya mabasi: Bukoba, Bukombe, Buchosa. Na kwa upande wa mjini kuna Butimba, Bugando, Buswelu. B zimejaa mwambao mzima.

Sasa tazama majina mengine ya huku huku: Usukuma, Uzinza, Ukerewe, Uganda. Je, haya ni majina ya namna nyingine? Hata kidogo. Wenyewe husema Busukuma, Buzinza, Bukerebe, Buganda. B zao zimekwenda wapi?

Jibu limo katika Kiswahili chenyewe. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi bu-, kinachotumika kwa nchi, kwa hali na kwa vitu visivyohesabika. Kiswahili kiliangusha B kikabaki na u-. Msukuma anakula bugali, Mswahili anakula ugali. Cheo cha mtemi kwa Msukuma ni butemi, kwa Mswahili ni utemi. Vivyo hivyo ba- ya watu imekuwa wa-: Baganda wakawa Waganda. Wakerewe ndio waliopunjwa zaidi, maana Bukerebe ilipoteza B zote mbili.

Misafara ya biashara kutoka pwani ilipofika ziwani katika karne ya 19, iliyatamka majina hayo kwa ulimi wake. Wazungu wakafuata nyuma. John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858 akiwa na watu wa msafara wa pwani, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akawaeleza wasomaji kwamba u- ni nchi, wa- ni watu, m- ni mtu mmoja na ki- ni lugha. Ndivyo sarufi ya Kiswahili ilivyoingia katika ramani za London.

Ramani zikazaa mikataba. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Buganda, kwa jina la Uganda, kisha ikaipanua hadi Bunyoro, Busoga na kwingineko. Mkataba wa mwaka 1900, kati ya Sir Harry Johnston na wakuu waliomshikia madaraka Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, uliitwa Mkataba wa Uganda, ingawa ulihusu Buganda. Tangu hapo kukawa na mambo mawili: Buganda ni ufalme, Uganda ni nchi.

Mpaka huo ulikuja kumwaga damu. Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote lilivamia kasri ya Kabaka Mutesa huko Mengo, naye akakimbilia Uingereza. Katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme. Zikarudishwa mwaka 1993. Sisemi kwamba vita ile ililetwa na herufi. Nasema kwamba swali lililopiganiwa, yaani Buganda ina nafasi gani ndani ya Uganda, huwezi hata kuliuliza bila B.

Majirani walifanya vingine. Tarehe 1 Julai 1962 Urundi ilijitawala kwa jina la Burundi, na Usumbura ikawa Bujumbura. Huko ufalme na nchi vilikuwa kitu kimoja, hivyo kuirudisha B lilikuwa jambo jepesi. Uganda ingefanya hivyo, Mwacholi na Mteso wangeambiwa kwamba wanaishi katika nchi ya Kabaka.

Wala tusidhani kwamba B hupotea tu. Neno letu Ulaya, lenye asili ya Kiarabu, halikuwa na B. Lilipofika Buganda, wenyeji waliivika: wakasema Bulaaya. Kila ulimi hulishona neno kwa kipimo chake, na hilo si kosa.

Kosa ni kusahau. Sisi watangazaji na waandishi humwita Mganda raia yeyote wa Uganda, na Mganda pia yule mtu wa Kabaka, tukimwachia msikilizaji abahatishe. Sidai ramani zibadilishwe. Ukerewe itabaki Ukerewe. Lakini watoto wa shule wafundishwe majina yote mawili, la kitabuni na la nyumbani. Nawe ukivuka daraja la Busisi, muulize mzee wa Kizinza nchi yake inaitwaje, kisha usikilize vizuri herufi ya kwanza.