Santuri ya kwanza ya Bob Dylan ilijaa nyimbo za kuazima

MNAMO Machi 19, 1962, kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya kwanza ya Bob Dylan, mwimbaji aliyekuwa na umri wa miaka 20. Kati ya nyimbo 13 zilizomo, ni mbili tu alizotunga mwenyewe. Zilizosalia zilikuwa za jadi na za bluzi, muziki wa majonzi ulioasisiwa na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini.

Dylan, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Robert Allen Zimmerman, aliwasili New York Januari 1961 akitokea Minnesota, akawa anatumbuiza katika mikahawa ya mtaa wa Greenwich Village. Septemba mwaka huo, mhakiki Robert Shelton alimmiminia sifa katika gazeti la New York Times. Mtayarishaji John Hammond, ambaye awali alimwibua Billie Holiday, ndiye aliyempa mkataba. Nyimbo zilirekodiwa kwa siku mbili, Novemba 20 na 22, kwa gita na kinanda cha mdomo pekee. Gharama haikuzidi sana dola 400.

Hata hivyo, kuazima huko kulizua uhasama. Wimbo wa jadi “House of the Risin’ Sun” haukuwa na mwenyewe, lakini mpangilio wake wa gita Dylan aliujifunza kutoka kwa rafiki yake, Dave Van Ronk. Van Ronk alikusudia kuurekodi. Dylan alipomwomba ruhusa, tayari alikuwa amekwisha kuurekodi. Baadaye Van Ronk aliacha kuuimba, kwani wasikilizaji walidhani yeye ndiye mwigaji. Mwaka 1964 kundi la The Animals la Uingereza liliutoa na kuvuma nao, na Dylan naye akapatwa na yayo hayo: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sokoni santuri hiyo iliambulia takriban nakala 5,000 katika mwaka wa kwanza, na baadhi ya wafanyakazi wa Columbia wakamkejeli Hammond kwa chaguo lake. Lakini nyota njema huonekana asubuhi. “Song to Woody”, mojawapo ya zile tungo mbili, ilimsifu Woody Guthrie, mwimbaji aliyekuwa mgonjwa hospitalini, kwa maneno mapya yaliyopachikwa kwenye lahani ya Guthrie mwenyewe.

Mbinu hiyo ndiyo iliyomjenga. Katika santuri ya pili, ya 1963, karibu nyimbo zote zilikuwa tungo zake, ingawa “Blowin’ in the Wind” ilitokana na lahani ya wimbo wa kale wa watumwa waliokombolewa. Mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kwa hivyo, santuri hiyo iliyopuuzwa ilikuwa chuo chake. Nyimbo za jadi ni kisima cha wote. Anayechota hana lawama, mradi asimsahau aliyemwonyesha njia ya kisimani.