Kinanda Handeni na Korogwe: Kutoka Mvukuto hadi Kompyuta

Neno kinanda, ambalo leo humfanya mkazi wa Korogwe afikirie vibonyezo vyeusi na vyeupe vilivyopangwa mbele ya kwaya, katika Kiswahili cha karne ya 19 lilikuwa jina la ala ya nyuzi iliyopigwa pwani, na kuhama kwake kutoka kwenye nyuzi kulikwenda sambamba na kuingia kwa ala za kigeni zilizoletwa na misheni na wafanyabiashara. Ala hizo zilikuwa ghali, kwa hiyo historia yake katika bara la Tanga ni, kwa sehemu kubwa, historia ya namna watu walivyopata sauti ya ala fulani pasipo kuwa na ala yenyewe.

Hata kinanda cha misheni kilikuwa kibadala. Kanisa kubwa la Ulaya lilitumia ogani ya mabomba, ambayo hujengwa ndani ya jengo na haihamishiki, ilhali piano ina nyuzi zaidi ya 200 zinazolegea au kukaza kwa mabadiliko ya unyevu, na huhitaji fundi wa kuilinganisha mara kwa mara. Kwa misheni kama ile ya Kianglikana ya UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoanza kazi yake ya bara la Tanga huko Magila na baadaye kufanya kazi Korogwe na Kideleko karibu na Handeni, ala iliyowezekana ni ile iliyoenea Ulaya tangu miaka ya 1840: harmoniamu, ambayo mpigaji wake hukanyaga mvukuto kwa miguu ili hewa itikise ndimi nyembamba za shaba, na ambayo haipotezi ulinganifu wake upesi kama piano. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, sanduku zito la mbao halikuhitaji tena mabega ya wapagazi; Handeni, iliyobaki nje ya reli, haikupata nafuu hiyo. Wakati huohuo Wahindi wa pwani walikuwa na harmoniamu yao ndogo ya kuvukutwa kwa mkono, iliyoundwa Calcutta katika miaka ya 1870, nayo ikaingia katika taarab ya Mombasa na Zanzibar.

Jambo lililopunguza gharama kuliko ala yoyote, hata hivyo, halikuwa ala. Mfumo wa sol-fa, unaoandika wimbo kwa herufi za do, re, mi badala ya nota juu ya mistari, uliwawezesha walimu wa kwaya kufundisha sauti nne bila kinanda chochote, na athari yake inaonekana hadi leo. Kwa kuwa do ya sol-fa huhama kufuata wimbo, wapiga kinanda wengi wa kwaya wamejifunza kupiga kila kitu katika ufunguo mmoja, kisha wakaiachia kibodi ya umeme kazi ya kupandisha au kushusha sauti kwa kitufe kimoja. Wasomi wa muziki hulidharau zoea hilo, lakini dharau yao haina msingi sana, kwa sababu kitufe hicho ndicho kilichofanya elimu ya sol-fa na kibodi ya Kijapani zikutane bila mtu kulipa ada ya chuo.

Kibodi hiyo ilitoka kwa watengenezaji wa vikokotoo. Kampuni ya Casio ilitoa Casiotone 201 mwaka 1980, na baada ya hapo zikafuata ndogo zaidi, za bei ya chini, zilizotumia betri. Tanzania ilianza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na bidhaa za aina hiyo zikapata njia ya kuingia. Suala la betri lilikuwa na uzito wa pekee wilayani Korogwe, ambako kituo cha umeme wa maji cha Hale kilizalisha umeme kuanzia mwaka 1964 huku vijiji vingi vikisubiri hadi enzi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Sauti ya kibodi hizo ilikuwa nyembamba kwa sababu mbili: vibonyezo vyake havikutofautisha mguso laini na mguso mzito, na spika yake ilikuwa ndogo mno kutoa besi. Kuiunganisha na spika za honi, zile za umbo la tarumbeta, kuliongeza ukelele bila kuongeza besi. Vijana wa Dar es Salaam walioanzisha mchiriku waliupenda ukelele huohuo, wakaufanya uwe roho ya muziki wao. Kwaya haikuwa na uhuru huo, maana waimbaji wa sauti ya nne huhitaji kuisikia besi waliyopewa.

Ubora wa kweli kwa fedha kidogo ulikuja kwa sampuli, yaani rekodi fupi za ala halisi ambazo kompyuta huzipiga kibonyezo kinapobonyezwa. Mfano mzuri ni Salamander, piano kubwa ya Yamaha C5 iliyorekodiwa kwa viwango 16 vya mguso, kila baada ya nusutoni tatu, na kugawiwa bure kwa yeyote. Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha kuiendesha, na fedha inayobaki ni heri iende kwenye spika yenye besi kuliko kwenye kibodi mpya. Kibodi ya zamani haitupwi, mradi iwe na tundu la MIDI, lugha ya mawasiliano ya ala iliyoanza kutumika mwaka 1983, ambayo haibebi sauti bali hubeba amri tu: kibonyezo kipi kimeshuka, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini. Kwa waya mmoja, kibodi ya miaka ya 1980 ambayo spika yake imekufa inaweza kuipiga piano hiyo iliyorekodiwa miongo miwili baada ya yenyewe kutoka kiwandani, ingawa ile isiyohisi mguso itavitumia vibaya vile viwango 16, kwa kuwa kila amri inayoitoa ina nguvu ileile.