Popo wa Pemba walibaki wangapi kweli?

Kama umewahi kusoma chochote kuhusu popo wa Pemba, huenda ulikutana na hadithi hii: mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole, kisha wahifadhi na wanavijiji wakashirikiana, na leo wapo maelfu kwa maelfu. Hadithi tamu. Inaanza kwa huzuni na kuisha kwa furaha, inafaa kabisa kuwekwa kwenye kalenda. Shida ni kwamba ukichukua kalamu na karatasi, hesabu yake inagoma. Leo tuipige pamoja. Lakini kabla ya hapo itabidi tuzame kidogo chini ya bahari, maana usipojua Pemba ilifikaje pale ilipo, hutaona kwa nini idadi ya popo wa kisiwa kimoja iliwanyima watu usingizi.

Kwanza mnyama mwenyewe. Usifikirie wale popo wadogo wanaojificha darini. Huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Pteropus voeltzkowi, akinyoosha mabawa anafika karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Manyoya yake ni mekundu-kahawia, mabawa meusi, na uso wake unafanana na wa mbweha. Mchana ananing'inia hadharani kwenye matawi ya miti mirefu, yeye na wenzake mamia, wakizozana na kujipepea kwa mabawa. Usiku anatoka kutafuta embe, shelisheli, matunda ya mikuyu na maua. Hatumii mwangwi kama popo wale wala wadudu. Anategemea macho na pua. Hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba.

Hilo "voeltzkowi" limetokana na Alfred Voeltzkow, mtafiti wa Kijerumani aliyezunguka visiwa vya eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20 akikusanya vielelezo. Mwaka 1909 Paul Matschie, mtaalamu wa wanyama huko Berlin, alimwandika popo huyu rasmi kama spishi mpya. Ni mpya kwa Berlin, tuelewane. Wapemba walikuwa wakimtazama akipita juu ya paa zao kila magharibi.

Sasa tushuke baharini. Ukitazama ramani ya kawaida, Unguja na Pemba zinaonekana kama ndugu wawili waliokaa mbele ya pwani, tena umbali wao kutoka bara haupishani sana: Unguja kama kilomita 35, Pemba kama 50. Ramani inadanganya. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi ya mita tu. Mkondo wa Pemba unashuka hadi kama mita 800. Yaani nahodha akitupa bildi katikati ya mkondo wa Unguja atagusa chini bila taabu. Katikati ya mkondo wa Pemba kamba itaisha mkononi.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu ya zama za barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda katika mabarafu makubwa ya kaskazini na kusini, na usawa wa bahari ulishuka kwa karibu mita 120. Toa mita 120 kwenye mkondo wa Unguja: unabaki na nchi kavu. Unaweza kutembea kwa miguu kutoka upande wa Bagamoyo. Na wanyama walitembea kweli. Katika pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, waakiolojia wamechimbua mifupa ya wanyama wa bara wakiwemo pundamilia, na pundamilia hapandi jahazi. Sasa toa mita 120 kwenye mkondo wa Pemba: bado una maji ya mita mia sita na ushei. Unguja ilikuwa rasi ya Afrika mara kadhaa. Pemba katika zama zile ilibaki kisiwa.

Ukishalijua hili, tofauti ya viumbe wa visiwa viwili inaanza kueleweka. Unguja ilikuwa na chui wake hadi karne ya 20, na inao kima punju. Pemba haikuwa na chui, na kima punju walioko msitu wa Ngezi leo walipelekwa na watu miaka ya 1970. Kwa upande mwingine, Pemba ina ndege ambao hawapatikani kwingine: ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, na kijidege chenye duara jeupe jichoni. Wana mabawa wote, ukiona. Kisiwa kilichotengwa kwa muda mrefu hupokea wale wanaoweza kuruka, kisha huwabadilisha taratibu.

G. M. Stockley aliandika ripoti ya jiolojia ya visiwa hivi, iliyotoka mwaka 1928. Mwaka 1941 R. E. Moreau na R. H. W. Pakenham wakaweka orodha ya wanyama wa nchi kavu wa Pemba, Unguja na Mafia mezani pamoja na swali la kijiolojia: je, orodha ya mjusi, ndege na mamalia inaweza kukuambia kisiwa kilikatika lini? Binafsi napenda sana makala za aina hiyo. Kabla ya mitambo ya kupima tabaka za chini ya bahari, walikuwa wakiuliza wanyama maswali ambayo mawe hayakuwa yamejibu.

Popo wetu katika swali hilo ni shahidi mgumu. Jamaa zake wa kundi la Pteropus wametapakaa Asia ya kusini, Australia na visiwa vya Pasifiki, halafu Madagaska, Komoro, Shelisheli, Aldabra na Mauritius. Bara la Afrika? Hakuna hata mmoja. Mababu walikuja kutoka mashariki, kisiwa hadi kisiwa, wakafika Pemba, kilomita 50 kutoka bara, safari ya usiku mmoja kwa mabawa yale, wakakomea hapo. Ungependa kusema "ni kwa sababu Pemba ina mkondo mrefu," na nadharia ingependeza kweli, lakini Mafia inaiharibu: Mafia iko kwenye maji ya kina kifupi kama Unguja, na inao popo wa kundi hili, wale wa Komoro. Kwa hiyo si kina cha maji peke yake. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba bara kuna wenyeji tayari, hasa popo wakubwa wa matunda wa Kiafrika wanaohama kwa makundi makubwa mno, kama wale wanaokusanyika kwa mamilioni Kasanka, Zambia. Mgeni akifika anakuta meza imejaa.

Haidhuru sababu, matokeo ni haya: popo wa Pemba wakiisha, hakuna ghala la kuagiza wengine. Ng'ambo ya mkondo hakuna binamu anayesubiri kuja kujaza nafasi.

Na waliisha vipi, au tuseme walikaribiaje kuisha? Anza na karafuu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, na kisiwa kikageuka kuwa shamba kuu la karafuu duniani. Vilima vya Pemba vilivyokuwa na msitu vikavishwa mikarafuu. Wanaolima walikuwa wengi wao watumwa, na hilo lina historia yake ndefu kuliko ya popo. Kilichobaki cha msitu wa asili ni vipande, kikubwa kati yake ni Ngezi, kule kaskazini-magharibi. Popo wa matunda anaweza kula shambani, embe la mtu na embe la porini kwake ni mamoja. Asichoweza kukipata shambani kirahisi ni mti mrefu, mtulivu, wa kulala watu mia tano.

Halafu kuna mawindo. Popo huliwa Pemba, si na wote, na kuna hoja za dini juu ya uhalali wake ambazo sizigusi hapa. Mwindaji wa njia za zamani alipata mmoja mmoja. Bunduki ya marisau ni habari nyingine: unaielekeza juu ya mti ambao popo mamia wamening'inia mchana kweupe, unafyatua mara moja, na wanaoanguka huwezi kuwabeba kwa mikono miwili. Wanaobaki wanahama, wanakuta mti mwingine umekatwa, wanahama tena.

Sasa hesabu. Hadithi inasema 1989 walionekana wachache tu. Mwaka 1995 Abigail Entwistle na Nadia Corp walizunguka kisiwa wakitafuta maskani ya popo (ndiyo, naziita maskani, wanakaa na kupiga soga vilevile), na makadirio yao, yaliyochapishwa 1997, yalikuwa karibu popo 5,000.

Jike wa popo huyu huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Hebu tumpe kila nafuu tunayoweza. Nusu ya popo wote ni majike, kila jike anazaa kila mwaka, watoto wa mwaka huu wanazaa mwaka ujao, na hakuna anayekufa, wala kwa risasi wala kwa uzee. Hapo idadi inakua kwa nusu yake kila mwaka, yaani unazidisha kwa 1.5. Baada ya miaka sita umezidisha kwa 11 na kidogo. Popo 10 wanakuwa 114. Popo 100 wanakuwa 1,139. Ili ufike 5,000 mwaka 1995, hata kwa masharti haya ya peponi, lazima uwe umeanza na zaidi ya 400. Na popo wa kundi hili hawazai wakiwa na mwaka mmoja, na hufa kama viumbe wengine, kwa hiyo idadi halisi ya 1989 ilikuwa juu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo "wachache" haikuwa idadi ya popo waliokuwepo, ilikuwa idadi ya popo walioonekana. Ni vitu viwili tofauti, na katika ikolojia vinachanganywa kila siku. Popo wanaowindwa huhamahama na kukimbilia mahali pasipofikika. Mgeni mwenye majuma mawili na gari hawezi kuwaona. Kilichobadilika kati ya 1989 na 1995, kwa sehemu kubwa, ni bidii ya kutafuta.

Usije ukanielewa vibaya, hatari ilikuwa ya kweli. Popo 5,000 ndio wote duniani, tena wengi wao wakiwa kwenye maskani chache. Jumamosi moja ya bunduki kwenye maskani moja kubwa ingeondoa asilimia kadhaa ya spishi nzima.

Sehemu ya pili ya hesabu inakubali, na ndiyo inayonifurahisha. Kufikia 2007 makadirio yalikuwa karibu popo 20,000. Kutoka 5,000 hadi 20,000 ndani ya miaka 12 ni kuongezeka mara nne, sawa na asilimia 12 hivi kwa mwaka. Kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka, kasi hiyo ni kubwa lakini inawezekana, ila kwa sharti moja: watu wazima wasiuawe. Kwa maneno mengine, ili grafu ipande vile, bunduki zilipaswa kunyamaza sehemu kubwa ya kisiwa.

Zilinyamazaje? Shirika la Fauna & Flora International lilifanya kazi na idara ya misitu ya Zanzibar kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na vijijini vikaundwa vikundi vya mazingira, kila kimoja kikilinda maskani yake. Kinachojulikana zaidi ni cha Kidike, ambako wageni hulipa kiingilio kuwaona popo na fedha hubaki kijijini. Lakini baadhi ya maskani zilikuwa zimelindwa kabla ya mradi wowote, kwa sababu zilikuwa juu ya makaburi. Mti wa makaburini haukatwi ovyo, na mtu mwenye adabu hafyatui bunduki juu ya wazee wake. Nikiulizwa nani alihifadhi akiba ile ya mwanzo, jibu langu ni makaburi, kisha wafadhili.

Na fikiria mazingira ya mwaka wenyewe. Huohuo 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, hofu ya popobawa ilizuka Pemba na kuvuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakilala nje kwa makundi. Kuzunguka vijijini mwaka ule ukiuliza "popo wenu wako wapi?" si kazi ningeomba.

Mwaka 2008 IUCN ilimhamisha popo wa Pemba kutoka kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, ikampandisha ngazi mbili hadi kundi la walio hatarini kwa kiasi. Ukipata nafasi ya kwenda Kidike, nenda jioni kabla ya magharibi, chagua upande mmoja wa anga, na uhesabu wanaotoka kwa dakika tano. Kisha mwambie mwenzako ahesabu upande uleule, mlinganishe.